Jina Nililolitia Chini ya Barua

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Msicheke. Mkuu wa kituo mwenyewe ndiye aliyeandika kwenye barua yangu, "kustaafishwa kwa sababu ya kufungwa kwa sehemu ya barua za wasikilizaji," na mimi nimelipokea neno hilo kwa mikono miwili, maana linanipa heshima ambayo kidato cha pili hakikunipa. Siku hizi msikilizaji anatuma ujumbe wa simu, mtangazaji anausoma mwenyewe huku anakunywa chai, na mfungua bahasha hana tena bahasha ya kufungua. Nyinyi mliobaki mmeniomba niwaandikie kazi ile ilivyokuwa. Vyeo sina vya kueleza, nilianza kwenye meza ya barua na nimeishia kwenye meza ya barua. Nitaeleza meza, na jambo moja nililolifanya juu yake.

Nilikuja kituoni nikiwa na miaka ishirini, nimevaa baibui la kuazima, nikiwa na ndoto ya kuwa mtangazaji. Kituo chetu kilikuwa hapahapa Chake, Pemba, ghorofani juu ya duka la vitambaa, ngazi ya mbao inalia kila ukanyagapo. Nilidhani nitapelekwa studio. Nikapelekwa kwenye chumba chenye dirisha moja, kwa mwanamke mmoja mnene aliyekuwa amevaa miwani iliyofungwa uzi.

"Unajua kusoma mwandiko mbaya?" akaniuliza, hata salamu yangu hajaimaliza kuijibu.

"Najua, bibi. Wangu mwenyewe mbaya."

Akanitazama juu ya miwani. "Kaa."

Huyo ndiye Bi Zuwena, mkuu wa sehemu ya barua, na sehemu yenyewe ilikuwa yeye peke yake mpaka mimi nilipokaa. Ukoo wao ulikuwa wa Kiarabu, zamani walikuwa na mashamba ya mikarafuu huko kaskazini, kisha hawakuwa nayo. Yeye hakulizungumza hilo hata siku moja. Alisema tu kwamba amejifunza mapema kutunza karatasi, kwa sababu karatasi ndiyo kitu pekee walichoachiwa.

Vifaa vyetu vilikuwa hivi. Mkasi, kwa sababu bahasha haichanwi kwa kidole, ukiichana umechana na anwani. Mhuri wa tarehe. Kalamu ya kurudishia kanda ikitoka nje ya kaseti, maana mashine yetu ilikuwa na tabia ya kula kanda kama mbuzi. Daftari la majina. Na ubao wenye misumari mitatu. Msumari wa kwanza ni wa barua za kusomwa leo, wa pili za kungoja, wa tatu za kutosomwa kabisa. Kazi yote ilikuwa ni kujua barua gani itoboke kwenye msumari gani. Mtu anaweza kusema hiyo si kazi. Na ajaribu.

Sheria ya Bi Zuwena ilikuwa moja kuu: barua isiyo na jina na kijiji haisomwi. "Neno lisilo mwenyewe ni fitina," alikuwa akisema. "Hata likiwa tamu kama halua, msumari wa tatu." Sheria ya pili, msikilizaji haandikiwi upya. Kama kaandika Kipemba, kisomwe Kipemba, na mtangazaji akishindwa kutamka shauri yake.

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyotarajia. Mimi ni mtu wa kuota mchana. Kila barua nilikuwa naitengenezea uso. Barua za Tumbe zilikuwa na harufu ya samaki, za mashambani msimu wa karafuu unaweza kuziweka sandukuni na nguo. Mwanamke mmoja alikuwa anatia kidole cha hina badala ya saini. Bwana mmoja wa Wete aliandika kila wiki, miaka mitatu, neno lilelile: mtangazaji wa taarifa aache kumeza mate karibu na maikrofoni. Siku mtangazaji yule alipohama, bwana huyo akaandika anamkumbuka.

Baada ya mwaka nikawa najua miandiko kuliko sura za majirani zangu. Bi Zuwena alikuwa ananifunikia chini ya barua kwa kiganja, akasema, "Nani?" Nami nikajibu, fulani wa mahali fulani. Sikukosea. Nilijivuna sana kwa hilo, na ndilo lililoniponza.

Sasa lazima niseme kidogo juu ya miaka yenyewe, kwa wale waliokuwa watoto. Vyama vingi vilikuwa vimekuja, na Pemba tulivipokea kama mtu anavyopokea kesi ya mirathi. Ndugu aligawana na ndugu. Palikuwa na vijiji ambavyo mtu wa chama kingine haendi kununua chumvi. Hatuuziwi, hatuwauzii. Hawatuziki, hatuwaziki. Jina lake lilikuwa kususiwa. Mtu anayesusiwa hapigwi wala hatukanwi, hilo nataka mlielewe. Anaachwa tu. Anatoa salamu na salamu yake inabaki hewani, hakuna wa kuipokea. Nimeona mtu aliyewahi kufungwa jela na mtu aliyewahi kususiwa, na wa pili ndiye aliyekonda zaidi.

Katikati ya hayo, Shubiri wakarudi.

Shubiri ilikuwa bendi ya vijana wanne wa hapahapa kisiwani, zamani, mimi sijazaliwa. Haikuwa taarabu na haikuwa dansi. Wazee wetu walikuwa hawajui waiite nini. Gitaa lilikuwa linakwaruza kama msumeno, gitaa zito la besi ndilo lililokwenda mbele badala ya kufuata, ngoma kavu, na mwimbaji haimbi, anasema, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Waliimba foleni ya unga. Waliimba nduli aliyekaa kwenye kiti cha baba yake. Harusini walikuwa hawaalikwi, lakini vijana waliwafuata mpaka viwanja vya mpira. Kisha wakasambaratika. Mmoja akaenda Uarabuni, mmoja akawa mwalimu wa madrasa, ikawa imekwisha. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, watu wazima wenye mvi, wakaingia studio huko Unguja wakatoa kanda ya nyimbo saba, jina lake Tumezeeka Wima.

Kituo kikaipata kanda. Seif, mtangazaji wa kipindi cha muziki, kijana mwenye sauti nzuri na akili ya haraka, akaipiga yote siku moja alasiri, kisha akawaomba wasikilizaji waandike maoni. Akadhani zitakuja barua ishirini. Utingo wa gari ya shamba anayetuletea barua za kaskazini alipanda ngazi na kiroba cha mchele kimejaa bahasha.

"Bi Zuwena," akasema, "huyo nani kafa?"

Nilizisoma zote. Za muziki zilikuwa nzuri mpaka leo nazikumbuka. Mmoja alisema sauti ya mwimbaji sasa ni ya khatibu mwenye mafua, lakini khatibu anayesema kweli. Mwingine alisema zamani Shubiri walikuwa wanauma, sasa wanatafuna. Msichana wa skuli alisema yeye hakuwajua kabla, ameipenda nyimbo ya pili, na anaomba asisomwe maana babake anadhani yuko kwenye masomo ya ziada. Watu wawili wa Wesha, marafiki, waliandika barua moja kwa zamu, mstari huyu mstari yule, wakasema mpiga ngoma anapiga debe la biskuti na afadhali arudi kuvua. Wengine walisema polepole ya kanda hii ndiyo uzuri wake, mtu wa miaka hamsini akipiga kelele za kijana ni aibu.

Lakini nusu ya barua hazikuwa na habari ya muziki. Wiki ile kanda ilipotoka, Shubiri walipiga kwenye mkutano wa chama. Chama gani, hakuna haja hapa, itoshe kwamba katika vijiji vingi vya upande wetu kilikuwa ni kile cha wengine. Wao walisema walialikwa kupiga wakapiga. Watu walisema wamenunuliwa. Basi barua zikawa: tumezivunja kanda zao. Tumezitupa chooni. Atakayewasifu na ahamie kwao.

Katika barua hizo ikaja moja isiyo na jina. Chini yake imeandikwa tu, "Mpenzi wa zamani wa Shubiri." Nitaiandika kama ilivyokuwa, maana naijua kwa moyo:

"Nimeiskiza kanda hino mara nne. Sauti imechakaa, lakini hata mie nimechakaa na nke wangu ananiskiza. Yeye yu mgonjwa mwezi wa saba huu, hanyanyuki. Alipokuwa kigori alikuwa akiwafuata Shubiri mpaka akapigwa na babake kwa ajili yao. Siku mlipopiga nyimbo ya tano alichezesha dole gumba la mguu. Mie nikamtizama asinione. Maoni yangu ndiyo hayo. Wakipiga vibaya wakipiga vizuri mie sijui, najua dole gumba."

Nililia pale mezani, machozi yakaangukia mhuri. Nikaujua na mwandiko. Herufi ya k ilikuwa na mguu mrefu unaoshuka mpaka mstari wa chini kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa Mzee Kombo Shaame, mkulima, aliyewahi kutuandikia mara nyingi juu ya kipindi cha kilimo, kila mara kwa jina lake kamili. Kijiji chake naliacha jina.

Kwa sheria, msumari wa tatu. Siku hiyo Bi Zuwena alikuwa amekwenda hospitali kutazamwa macho. Nikaishika ile barua karibu na ule msumari, mkono ukakataa. Niliona ni dhambi barua nzuri kama ile ikaliwe na mende wakati matusi yanasomwa kwa sababu yana majina. Nikasema, mzee huyu kasahau. Au kaona haya kumtaja mkewe. Na mimi si namjua? Nikachukua kalamu, nikaandika chini kwa herufi nzuri: Kombo Shaame, na kijiji chake. Nikaitia msumari wa kwanza. Nikaandika pembeni, Barua ya Wiki.

Seif aliisoma vizuri mno. Alipofika kwenye dole gumba akalitaja jina na kijiji, akapiga nyimbo ya tano. Fundi mitambo alivua vifaa vya masikio akajifuta uso. Niliteremka ngazi jioni ile kama bibi harusi.

Wiki mbili hazijapita, utingo wa gari ya shamba akaweka kiroba mezani akasema, bila kunitazama, "Yule mzee wenu wa dole gumba kasusiwa."

"Kasusiwa na nani?"

"Na nani? Na kijiji. Dukani haambiwi kitu, anatizamwa tu mpaka anaondoka. Msikitini akisimama safu, waliokuwa ubavuni mwake wanasogea." Akafunga kamba ya kiroba. "Na kadi yake ya chama ni ileile kama ya wenzake. Lakini kawasifu wale."

"Hakuwasifu. Kasema habari ya mkewe."

"Mwambie nani?"

Nilimwambia nani? Sikumwambia mtu. Bi Zuwena alikuwa ananiona nimepoa akadhani ni homa. Nilisema moyoni, litapoa, watu wa pale ni Waislamu, ni majirani, litapoa. Nyinyi mtakaofanya makosa, nanyi mtayafanya, jihadharini na neno hilo. Nililisema kila siku kwa wiki tatu, na kila nilipolisema nilijisikia nimefanya jambo.

Siku ya Jumatano asubuhi, ngazi ikalia hatua moja moja, polepole. Akaingia mzee mrefu, kanzu safi, kofia mkononi. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini. 

"Asalamu alaykum. Hapa ndipo panapotangazwa vifo?"

"Waalaykumu salamu. Ni hapa, baba. Karibu ukae," akasema Bi Zuwena.

"Sikai. Nke wangu kafa alfajiri. Jina lake Time binti Hamad. Nataka mtangaze, azikwa leo alasiri." Akaigeuza kofia. "Nataka mtangaze kwa sauti. Kule nimepiga hodi nyumba saba. Wa kwanza kasema yu mgonjwa. Wa pili mkewe kasema yuko shamba, na mie nikamuona miguu chini ya pazia. Hao wengine sikuwauliza sana."

Hapo nikamjua ni nani. Hakuwa na uso niliomtengenezea, alikuwa na uso mdogo zaidi.

Bi Zuwena alimshika mkono akamkalisha kwa nguvu, akaenda mwenyewe kwa mkuu wa kituo. Mlango ulikuwa wazi, tulisikia. Mkuu alikuwa mtu mwema mwenye woga. Alisema kijiji kile kimechafuka, na tukiingia na tangazo la mtu yule tutaonekana tuna upande.

"Kifo nacho kina upande?" Bi Zuwena akamuuliza.

"Si hivyo, Bi Zuwena, wewe unajua..."

"Mimi najua kwamba kule hakuna wa kumwosha. Tangaza, kisha nipe gari."

Lilitangazwa mara tatu, na Seif alipolimaliza mara ya tatu alitoka studio akavaa viatu. Tukatoka na gari la kituo, dereva, fundi mitambo, Seif, Mzee Kombo mbele, mimi na Bi Zuwena nyuma. Tulipitia kwa nduguye Bi Zuwena tukachukua majembe mawili na chepe, na sanda na kafuri dukani. Njiani nilimnong'oneza. Nilimwambia yote, kalamu, msumari, siku ile ya macho yake.

Tukapita madaraja mawili. Kisha akasema, "Ulipolitia lile jina, ulikuwa unamfurahisha nani?"

Nilitaka kusema Mzee Kombo. Nikatazama kisogo chake kwenye kiti cha mbele.

Kijijini milango ilikuwa imesindikwa, si kufungwa. Watu walikuwamo ndani. Unajua nyumba ikiwa tupu na unajua ikiwa inakusikiliza. Kuku tu ndio waliokuja kututazama.

Tuliingia ndani mimi na Bi Zuwena. Sikuwahi kuosha maiti. Bi Time alikuwa mwepesi kama kitambaa kilichoanikwa. Bi Zuwena alikuwa akinionyesha kwa sauti ya chini, mwaga huku, inua, funika, usimtazame kama kitu. Tulihitaji mtu wa tatu wa kumwagia maji na hatukuwa naye. Basi nyuma ya nyumba, kupitia migombani, mlango wa jikoni ukasukumwa akaingia mwanamke mtu mzima, kanga kajifunika mpaka puani. Hakutoa salamu. Alichukua kata, akachota, akamwaga pale panapostahili, kama mtu aliyekuwa akimwogesha mwenye nyumba kila siku ya ugonjwa wake. Naye nadhani ndivyo ilivyokuwa, mpaka wiki tatu zile. Tulipomaliza kuvisha sanda alibusu kipaji cha Bi Time juu ya kitambaa, akafunga tena kanga yake puani.

"Mkiulizwa," akasema, "mie sikuja."

Akatoka kwa kulekule migombani.

Nje wanaume walikuwa wanne tu pamoja na Mzee Kombo. Jeneza la msikiti lilikuwa limefungiwa chumbani, na mwenye ufunguo, tukaambiwa na mtoto aliyesukumwa mlangoni kuja kusema, amekwenda Wete. Tukasikia vespa. Ilikuja ikikohoa, imepakia watu wawili wenye kofia za mshono mmoja. Wakaegesha, wakavua viatu, wakampa Mzee Kombo mkono.

"Tumesikia redioni. Sisi ni wa Wesha," akasema yule mnene. Akaona haya. "Sisi ndio tulioandika habari ya debe la biskuti."

Mzee Kombo aliwatazama. Macho yalikuwa mekundu, lakini alisema, "Mlikosea. Yule anapiga vizuri. Mlikuwa mnaskiza kwenye redio mbovu."

"Redio mpya, mzee!" akasema yule mwembamba. "Debe ni debe."

"Ngoma ile imepigwa chini makusudi."

"Basi tutabishana baadaye, mzee wangu," mnene akasema, akakunja mikono ya kanzu. "Jembe liko wapi?"

Walichimba kwa zamu. Bi Time alibebwa juu ya kitanda chake mwenyewe cha kamba, kwa sababu hapakuwa na jeneza. Watu wanne wakabeba, wawili wakafuata kupokezana, na njiani hakutoka hata mmoja kuongeza bega. Mliokulia hapa mnajua maiti inavyopita kwetu, kila mtu anayeiona anaacha alichoshika akashika mti wa jeneza japo hatua saba. Zile hatua saba hakuzipata. Mimi nilibaki nyumbani na Bi Zuwena, tukawa tunawatazama kupitia ufa wa ukuti mpaka wakazama kwenye minazi. Seif aliniambia baadaye kwamba aliyemswalia ni mumewe, na kwamba alipofika kwenye takbiri ya tatu sauti ilikatika, wakangoja, kisha akaendelea.

Waliporudi, wakati wananawa, nilimfuata Mzee Kombo pembeni ya mtungi. Nilikuwa nimeshajipangia maneno. Nikayaacha yote.

"Baba," nikasema, "lile jina nililitia mimi. Wewe hukuandika."

Alimwaga maji ya mikononi mwake taratibu.

"Najua sikuandika, mwanangu. Ntu hasahau jina lake." Akajipangusa kwenye kanzu. "Tulikuwa tumekaa pale ndani, redio iko miguuni mwake. Yule kijana aliposema jina langu, mie nilishtuka. Yeye alicheka. Akanambia, wamekujua, Kombo, wamekujua! Alifurahi hasa. Hakucheka tena baada ya siku hiyo, wala sikumwambia kilichokuwa kinaendelea nje. Alikuwa akiuliza mbona jirani zake hawaji, namwambia msimu wa karafuu umewakamata."

Nilianza kulia. Alinyoosha mkono kama anataka kunishika kichwa, kisha akaurudisha, akatazama nyumba za watu.

"Nimekusamehe. Wallahi nimekusamehe, na yeye angekusamehe kabla yangu. Lakini hitimani usije."

"Baba..."

"Usije, wala bibi wako asije, wala gari hili lisionekane. Wala msinitaje tena redioni, hata kwa pole. Mmenizikia nke wangu, Mungu awalipe. Lakini nyinyi mnarudi Chake. Mie ninalala hapa. Nataka siku ya tatu nikae mlangoni peke yangu nione nani atakuja."

Kwa hiyo kipindi cha barua cha Ijumaa hakikuwa na neno juu yake. Mimi nilikuwa nimeandika karatasi ya kuomba radhi hewani, kurasa mbili, nimeisahihisha mara tatu, na sikupata kuisoma. Hilo ndilo ninalotaka mlishike kuliko mengine. Mtu anayelificha jina lake hakuandika pungufu. Ameandika barua yote. Na ukishalisema jina lake, radhi yako nayo ni jina lake mara ya pili.

Siku ya tatu sikwenda. Nilikaa mezani nikifungua bahasha, maoni ya Shubiri bado yalikuwa yanakuja, watu wanagombana juu ya nyimbo ya kwanza kama inafaa kuwa ya kwanza. Bi Zuwena alikuwa anasoma Yasini kwa sauti ya ndani, miwani mkononi. Kabla ya adhana ya alasiri utingo wa gari ya shamba akapanda ngazi na kiroba. Hakukiweka mezani, akasimama nacho.

"Nimepita pale," akasema. "Hitimani."

Bi Zuwena akavaa miwani.

"Walikuja wanne. Wazee watatu na yule wa duka. Walikaa mkekani, wamesoma." Akajikuna shingo. "Na mmoja kasimama nje, kwenye kichochoro, kofia mkononi."

"Akaingia?" nikamuuliza.

"Sijui, Riziki. Dereva alikuwa anapiga honi."

Niliikaa meza ile miaka minane baada ya hapo, na sikuuliza mtu mwingine. Leo naikabidhi, nikiwa bado sijui kama yule mtu aliingia.